Vibanio vya splitibodi: nini kinunuliwe kwanza na nini kisubiri

Splitibodi ni ubao wa kuteleza thelujini uliopasuliwa kwa urefu, ili nusu zake zivaliwe kama ski wakati wa kupanda mlima, kisha ziunganishwe tena kileleni kwa ajili ya kushuka. Wauzaji huieleza kwa maneno mengi kuhusu umbo, mbao za ndani na nyuzi za kaboni, lakini vipande vidogo vya chuma vinavyozishika nusu hizo pamoja hutajwa kwa mstari mmoja, kama vimetajwa kabisa. Mtu huja kuvifahamu siku anapoegemea makali ya ubao kwenye theluji ngumu na kuhisi nusu moja ikimtii huku nyingine ikichelewa.

Ili kuvilinganisha vifaa hivi kwa haki, ni lazima ieleweke kwamba nusu mbili za ubao hutaka kuachana kwa njia tatu. Hutanuka pembeni hadi mwanya ukaonekana katikati. Hupandana, upande mmoja ukiinuka na mwingine ukishuka, hasa uzito unapohamia kwenye vidole au visigino. Na husogea mbele na nyuma kama viganja vinavyosuguana. Hakuna kifaa kimoja kinachozuia mienendo yote mitatu kwa nguvu ileile. Chini ya miguu, kazi kubwa hufanywa na vifungo vya viatu vyenyewe, yaani vifaa vinavyoshikiza viatu ubaoni, ambavyo huingizwa juu ya visahani vilivyokazwa kwenye nusu zote mbili na hivyo kuzishika kama daraja. Kulabu, yaani ndoano zilizo kwenye mstari wa katikati, huzivuta nusu zikaribiane. Vibanio vya ncha na vya mkia huzuia hasa ncha zisipandane.

Kutokana na mgawanyo huo wa kazi, nashauri mnunuzi aanze kwa uchunguzi kabla ya kuanza na duka. Unganisha ubao wako ukiwa umekauka, uuweke sakafuni, ufunge vifungo vya viatu, kisha upitishe kipande cha karatasi kwenye mstari wa katikati kutoka nchani hadi mkiani. Karatasi ikipenya karibu na kulabu peke yake, huenda unachohitaji ni bisibisi tu, kwa kuwa kulabu nyingi zina matundu marefu yanayoruhusu kuzisogeza kidogo baada ya kulegeza skrubu. Ikipenya chini ya miguu, kosa liko kwenye visahani au vifungo, na kulabu mpya hazitalitibu. Ikiwa mwanya ni mpana mahali pamoja na mwembamba kwingine, na haubadiliki hata ukikaza, basi ubao wenyewe haukupasuliwa sawasawa au umepinda, na hapo fedha za vibanio zitakuwa zimepotea. Watu wengi huruka hatua hii, nami nilikuwa mmoja wao.

Kati ya vifaa vya kuzishika nusu kwenye mstari wa katikati, nafasi ya kwanza naipa vibanio vya wenzo, na mfano unaofahamika zaidi ni Ultra Clip ya Karakoram, kampuni ya jimbo la Washington nchini Marekani. Badala ya kulabu kujishikiza tu upande wa pili, wenzo huuvuta upande huo na kuubana unapolazwa, na mvutano wenyewe unaweza kurekebishwa. Faida yake huonekana baada ya misimu kadhaa: metali ikilika kidogo na mwanya ukaanza kurudi, mtumiaji huongeza mvutano badala ya kununua kifaa kingine. Kasoro yake ni kwamba kifaa chenye sehemu nyingi zinazocheza kina mahali pengi pa kuhifadhi barafu. Theluji iliyoshindiliwa chini ya wenzo huufanya ukatae kulala hadi mwisho, na mtu akiulazimisha kwa ngumi huku amevaa glavu nene, hawezi kujua kama amebana ubao au amebana barafu. Aidha, kukaza kupita kiasi si ushujaa. Niliwahi kurekebisha wenzo nyumbani, mahali penye joto, hadi ukawa unafungika kwa shida. Kileleni, kwenye upepo, vidole vikiwa vimekufa ganzi, nilitumia pembe ya kikwangulio cha nta kuufunga, na nikaapa kuulegeza kabla ya safari iliyofuata. Kipimo kinachofaa ni ule mkazo ambao kidole gumba kinaweza kuushinda ndani ya glavu.

Nafasi ya pili ni ya kulabu za alumini zinazorekebishika, kama vile Hercules Hooks za Phantom. Hizi zimebaki na wazo la zamani la kulabu inayozunguka na kushika upande wa pili, ila zimechongwa kwa uangalifu zaidi na hulegea kidogo kuliko bati lililokunjwa. Kwa mtu anayetembea sana kwenye baridi kali huenda zikawa bora kuliko zile nilizozipa nafasi ya kwanza, kwa sababu ya uchache wa sehemu zake. Niliziweka ya pili kwa kuwa wanaonunua splitibodi wengi hukabiliwa zaidi na kulegea kuliko kuganda. Anayejua kwamba tatizo lake ni barafu na azigeuze nafasi hizi mbili bila wasiwasi.

Nafasi ya tatu ni kulabu za kawaida za Voile, kampuni ya Utah iliyoanza kuuza vifaa vya kujipasulia ubao tangu miaka ya 1990, na ambayo mpangilio wake wa matundu umekuwa kama kipimo cha wote. Usizidharau. Ni nyepesi, karibu hazina cha kuvunjika, na hufunguka hata zikiwa zimevaa barafu, kwa kugongwa kidogo na mpini wa fimbo. Udhaifu wake ni kwamba huvuta kidogo kuliko zinavyoshika: zikishazungushwa mahali pake, zinazuia nusu zisiachane, lakini haziondoi mwanya uliokwishakuwapo. Mtu anayepanda mara chache kwa msimu na kushuka kwenye theluji laini, ambako tofauti ya mkazo haihisiki, hana sababu ya kuzibandua kabla hazijachakaa.

Nafasi ya mwisho ni nakala zisizo na jina. Chuma chake huweza kuwa laini, nao mdomo wa kulabu laini hufunguka pole pole bila mtu kuona.

Vibanio vya ncha na mkia nimevitenga makusudi, kwa sababu vinastahili kupimwa kwa kazi yao na si kwa ile ya kulabu. Hapa swali ni moja: je, nusu mbili hubaki katika kimo kimoja? Shika ncha ya ubao uliounganishwa, sukuma nusu moja chini huku ukiinua nyingine, na utazame. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Ukizidi, ncha itakuwa inapiga makofi kwenye theluji ngumu. Crossbar Clips za Spark R&D, kampuni ya Montana, ndizo ninazozipendekeza kwa anayetaka kubadilisha, ila hili ni badiliko la mwisho kwenye orodha ya matumizi. Hakikisha pia kwamba kibanio kipya hakizuii kitanzi cha ngozi za kupandia, yaani vitambaa vinavyobandikwa chini ya ski ili zisiteleze kurudi nyuma, kukaa vizuri nchani.

Kuhusu ulinganifu, usiamini kwamba kila kifaa huingia kwenye kila ubao. Mpangilio wa Voile umeenea, lakini baadhi ya watengenezaji wana matundu yao, na vifungo vya Karakoram vina mfumo wao wa kujishikiza ubaoni usiotumia visahani vya kawaida. Pima umbali kati ya matundu kabla ya kuagiza. Pima pia urefu wa skrubu, kwani hapa ndipo mbao nyingi huharibiwa na fundi wa nyumbani: skrubu iliyozidi urefu hugonga mwisho wa tundu lake na kuusukuma upande wa chini wa ubao hadi utokeze kama kipele, nacho hakirudi. Ikiwa fupi mno, hushika hesi mbili tatu tu na kung’oka siku ya kwanza ya kishindo. Tia gundi ya kufungia skrubu, ile inayoruhusu kufunguliwa tena, kaza kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye kichwa cha skrubu, na ubebe skrubu mbili za akiba safarini, kwa maana skrubu iliyoangukia thelujini haitafutwi.

Mnunuzi akumbuke pia jinsi kifaa kitakavyokaa wakati wa kupanda. Nusu hizo zinapovaliwa kama ski, kwa kawaida hubadilishana pande, hivyo upande ulionyooka wa mstari wa katikati, pamoja na kulabu zake, huwa nje. Unapokata mteremko kwa ubavu, kulabu za ski ya upande wa juu hukwangua theluji kila hatua, na ukiwa umeziacha wazi utazikuta kileleni zimejaa barafu ngumu. Kwa hiyo, chagua kifaa ambacho hukunjwa na kubaki kimekunjwa, na ukijaribu dukani kwa kuutikisa ubao: kibanio kinachoning’inia kwa kutikiswa mkononi hakitatulia mlimani. Ukifika juu, kwangua kwanza barafu kwenye mstari wa katikati, unganisha ncha na mkia, kisha ndipo ufunge kulabu. Ukianza na kulabu, ncha zitakupinga.