Siku nne za kusaka makasha ya Geocaching pwani ya Dorset, nikiwa na mama yangu na mwanangu

Mama alipokuja kutoka Tanga kututembelea hapa Uingereza, nilitaka aione bahari ya huku kwa utulivu, si kwa kupigia picha mbili na kuondoka. Tukafikia Weymouth, mji wa pwani ya Dorset, kusini mwa England, mimi, yeye na mwanangu wa miaka tisa, na simu yangu yenye programu ya Geocaching ambayo sasa naitumia mwaka wa tatu.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mtu anaficha kasha, anaweka mahali lilipo kwa vipimo vya GPS, wewe unalisaka, unasaini daftari lililomo ndani na kulirudisha palepale ulipolitoa. Ulianza Mei 2000 kule Oregon, Marekani, mara tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kuivuruga makusudi GPS ya raia. Wenyewe wanaita cache. Nyumbani kwetu tunasema kasha, na Mama kalipenda neno hilo tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza niliikosea. Nilifungua ramani, nikaanza na lililo karibu zaidi, kisha lililofuata, kisha lililofuata. Hadi saa kumi jioni tulikuwa na makasha saba. Sita kati yake yalikuwa vikopo vya filamu au vidude vya sumaku vilivyobandikwa nyuma ya vibao vya barabarani na kwenye vyuma vya uzio, karatasi za ndani zimelowa hadi kalamu haiandiki. Bahari tuliiona kwa mbali tu, katikati ya magari. Mama hakulalamika, ila aliniuliza, "Sasa mwanangu, huyu aliyeficha hapa alitaka tuone nini?"

Swali hilo ndilo lililobadilisha safari. Usiku nilikaa na programu na kuchagua upya, na nitaeleza nilivyofanya kwa sababu ukiwa mgeni mahali, mwenye siku chache, kuchagua ndiyo kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza ninachoangalia ni alama za upendeleo, ambazo wasakaji huyapa makasha waliyoyapenda. Mwanachama wa kulipia hupata alama moja ya kutoa kwa kila makasha 10 aliyoyapata, kwa hiyo hazitoi ovyo. Lakini usitazame jumla peke yake. Kasha lililo kwenye njia ya kwenda Durdle Door, lile tao la mawe ambalo kila mgeni wa Dorset hulikimbilia, litakusanya alama nyingi kwa sababu tu watu wengi wanapita. Linganisha alama na idadi ya waliolipata. Kasha lililosainiwa na watu 60, nusu yao wakatoa alama, ndilo la kufunga safari.

Baada ya hapo nasoma maandishi ya wasakaji watano sita wa mwisho. Wakiwa wameandika asante tu na kuondoka, si dalili njema. Wakiandika aya nzima kuhusu upepo, mandhari na walichojifunza, jua kuna jambo. Na kama watatu mfululizo hawakulikuta, waachie wenyeji walitafute. Wewe huna muda huo.

Kwa kuwa nilikuwa na mama mwenye goti bovu, kipimo cha njia nacho kilinisaidia sana. Kila kasha lina namba mbili, ugumu wa kulipata na ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5. Njia ya 1 mtu wa kiti cha magurudumu anafika. Ya 5 inataka mashua au kamba za kupandia. Sisi hatukuvuka 2.5.

Asubuhi tukaenda Chesil, na hapo ndipo Mama alipoanza kuupenda mchezo. Chesil ni tuta la kokoto linalokwenda na bahari kwa kilomita 29 hivi, na upande wa kisiwa cha Portland linafikia kimo cha meta 15. Huko tulifuata EarthCache, aina isiyo na kasha lolote: unafika, unaiangalia ardhi, unajibu maswali ya mwenye nayo kuhusu miamba au mawe, unamtumia majibu. Maswali yalihusu ukubwa wa kokoto. Upande wa magharibi ni ndogo kama mbaazi, na kadiri unavyokaribia Portland zinakua hadi kujaa kiganja, kwa sababu mawimbi huzichambua na kuzipanga. Inasimuliwa kuwa wavuvi na wafanya magendo wa zamani, wakitua pale usiku wa giza, walipapasa kokoto wakajua wako sehemu gani ya tuta. Nilipomtafsiria Mama hayo, alicheka kwa furaha. "Kama nahodha na bildi yake," akasema, akaanza kumweleza mjukuu wake jinsi baba yake mwenyewe alivyosoma kina cha bahari kwa risasi na kamba. Tulikaa pale karibu saa mbili. Kokoto tulizozipima tulizirudisha chini, maana hairuhusiwi kuzichukua.

Portland kwenyewe tulisaka ndani ya Tout Quarry, machimbo ya zamani ya mawe ambayo tangu 1983 wachongaji wamekuwa wakichonga sanamu kwenye miamba yenyewe. Jiwe la kisiwa hicho ndilo lililojenga kanisa kuu la St Paul's, London. Kasha lilipo sitasema. Nitasema tu kwamba katikati ya kuta za mawe GPS huyumba, mshale unaruka kushoto na kulia meta 20, na mtoto anaanza kukata tamaa. Ukifika meta kumi, tia simu mfukoni utumie macho. Tafuta rundo la mawe lililopangika kuliko yanavyopangika mawe yaliyoanguka yenyewe. Mwanangu ndiye aliyeliona, na kabla ya kulifikia tukapita sanamu ya mtu anayeanguka, ya Antony Gormley, ambayo bila kasha hilo nisingejua hata kama ipo.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Tyneham. Kijiji hiki wakazi wake waliondolewa Desemba 1943 ili jeshi lipate uwanja wa mazoezi, na hawakurudi tena. Nyumba hazina mapaa, ila kanisa na shule vimetunzwa. Eneo bado ni la jeshi, hufunguliwa wikiendi nyingi lakini si siku zote, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kutoka, na ukiona bendera nyekundu usivuke. Pia huko mtandao wa simu ulitukatika kabisa. Uanachama wa kulipia hukuruhusu kupakua orodha ya makasha mapema, na kwangu hiyo peke yake inatosha kulipia mwezi mmoja wa likizo. Akaunti ya bure inafaa kuonjea mchezo, lakini yako makasha ambayo ni ya wanaolipa tu.

Tahadhari moja kwa wanaokuja pwani hii na watoto: usiruhusu kasha likupeleke chini ya jabali au ukingoni mwake. Aprili 2021, kati ya Seatown na Eype, yaliporomoka mawe na udongo wa takriban tani 4,000. Na uliza habari za maji. Mama kila asubuhi aliuliza kama ni bamvua kabla ya kuvaa viatu, na mimi niliyekulia pwani nilikuwa nimeisahau desturi hiyo.

Geocaching naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya lugha. Maelezo yote tuliyoyakuta yalikuwa ya Kiingereza, nami nilikuwa mkalimani wa Mama siku nne mfululizo, wakati yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kuyajibu mawe yale.

Usiku wa mwisho alitaka tufiche kasha Tongoni, huko kwetu Tanga, karibu na magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, ili wageni wafike. Nikamweleza kwamba kwanza tungehitaji idhini ya wanaotunza magofu, na kwamba kanuni hazikubali kasha la mpita njia: lazima pawe na mtu wa karibu wa kulikagua, kubadilisha daftari likilowa, kulirudisha likihamishwa.

"Mimi si nipo?" akasema.