Uzoefu Wangu wa Kusoma Kozi ya Tofauti na Mabadiliko ya Kiingereza Nikiwa Iringa

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari mjini Iringa. Kozi ninayoieleza hapa niliisoma kwa njia ya masafa, nikipakua mihadhara usiku na kukutana na mkufunzi mtandaoni siku za Jumamosi. Inahusu jinsi Kiingereza kinavyotofautiana kwa tabaka, rika, jinsia na mahali, na jinsi tofauti hizo zinavyoweza kugeuka kuwa mabadiliko ya kudumu. Nawaandikia walimu wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wanaojiuliza kama inafaa kulipiwa ada.

Iliyonifaidi zaidi ni sehemu ya mbinu za utafiti. Mwaka 1962 mwanaisimu Mmarekani William Labov aliingia katika maduka makubwa matatu ya New York, la kwanza la wenye uwezo, la pili la watu wa kipato cha kati na la tatu la bei nafuu, akawauliza wauzaji mahali ilipo bidhaa ambayo yeye mwenyewe alijua iko ghorofa ya nne. Jibu hilo kwa Kiingereza, fourth floor, lina nafasi mbili za sauti r, inayoweza kutamkwa au kuachwa, na alipojifanya hakusikia, muuzaji alilirudia kwa uangalifu zaidi. Kwa wauzaji 264, r ilisikika zaidi katika duka la wenye uwezo na kwa uchache kabisa katika lile la bei nafuu. Mkufunzi alikaa na utafiti huu kwa muda mrefu kuliko wenzangu wengi walivyopenda, lakini naona alifanya vema, kwa sababu ugumu mkubwa wa taaluma hii ni kupata usemi wa mtu asiyejichunga, na wauzaji wale hawakujua kabisa kwamba matamshi yao yanasikilizwa.

Baadaye kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua sauti moja na kuihesabu mahali anapoishi. Nilichagua th ya mwanzo wa neno, ambayo wengi huku kwetu huitamka kama s, hata wanaposema thamani au thelathini kwa Kiswahili. Walimu wenzangu waliokubali kurekodiwa walisoma orodha ya maneno, wakasoma kifungu cha habari, kisha wakasimulia kwa Kiingereza tukio la utotoni. Katika orodha th ilitawala. Masimulizi yalipokolea, s ilirejea hata kwa wale waliokuwa makini mno mwanzoni. Wazungumzaji wangu walikuwa wachache na siwezi kuwasemea watu wa Iringa wote, lakini kuona kwa hesabu zangu mwenyewe kwamba mtu mmoja hubadilika kwa utaratibu kulingana na kazi aliyopewa kulinifundisha kuliko mihadhara yote.

Sehemu ya historia ni fupi, ingawa ina mfano mmoja mzuri sana. Watafiti wa Helsinki, Finland, walikusanya maelfu ya barua za Waingereza wa karne ya 15 hadi ya 17, wakaonyesha kwamba kiambishi cha vitenzi -s kilipokuwa kikichukua nafasi ya -th (goes badala ya goeth), wanawake walitangulia kukitumia. Ningependa tungepewa baadhi ya barua hizo tuzisome wenyewe.

Upungufu ulionisikitisha ni Afrika Mashariki kupitwa juu juu. Mradi wa kimataifa wa kukusanya matini za Kiingereza una sehemu nzima ya Kenya na Tanzania, yenye mazungumzo na maandishi, lakini ilitajwa katika mhadhara mmoja tu bila zoezi lolote. Mwalimu anayefundisha Kalenga au Mafinga ana haki ya kuchambua Kiingereza cha Watanzania kwa uzito uleule unaopewa kile cha miji kama Norwich ya Uingereza au Belfast ya Ireland Kaskazini. Faili za sauti nazo ni kubwa, na mtandao ukisumbua huwa haziwezi kufunguka.

Pamoja na hayo, naipendekeza kwa moyo wote kwa aliyewahi kusoma fonetiki, yaani elimu ya sauti za lugha, chuoni. Asiye na msingi huo ajifunze kwanza alama za kifonetiki, kwa kuwa zinatumika tangu mhadhara wa kwanza bila kuelezwa, na anayekusudia kurekodi shuleni aombe mapema kibali cha mkuu wa shule na ridhaa ya kila atakayerekodiwa, maana muda wa kazi ya uwandani hauongezwi.