Springi za Hilux yangu na ndoo 24 za asali: uzoefu wangu, Tabora

Jani kuu (bapa refu la chuma) la springi ya nyuma kushoto lilikatika saa kumi na nusu jioni, porini upande wa Ipole, gari likiwa limejaa asali. Ndoo mbili zikafunguka mifuniko, asali ikatiririka hadi kwenye chasisi. Kabla hata sijatoa jeki, nyuki wameshafika. Tulikaza springi kwa kipande cha gogo na mpira wa tyubu, tumejifunika makoti kichwani, mimi na kijana wangu, tukatambaa hadi lami kwa mwendo wa baiskeli. Niliumwa mara kumi na moja, na asali yenyewe ilikuwa yangu.

Nanunua asali vijiji vya Sikonge na kuileta Tabora mjini. Gari ni Hilux Vigo ya 2011, milango minne, dizeli ya 3.0, na mbele lina bampa la chuma. Lami ya kwenda Mpanda imetuokoa sana, ila mizinga haiko lamini. Ukishaacha lami ni kilomita 30, wakati mwingine 60, ndani ya miombo: kiangazi unapigwa na rasta (matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi) mpaka meno yanagongana, masika unakutana na mbuga ya tope jeusi na visiki vilivyofichwa na majani.

Baada ya lile jani kukatika nilifanya wanachofanya wengi. Fundi aliniambia, "Bosi, tuongeze majani mawili kila upande, hutasumbuka tena." Tukachomoa majani kwenye springi za gari bovu, tukaongeza. Mbele nikaagiza spesa za kunyanyua (vipande vya kuongeza urefu wa gari), pamoja na shokapu nne mpya za chapa ambayo sikuwahi kuisikia, kutoka duka moja la Dar. Gari likasimama kama jogoo. Nilipita nalo stendi taratibu makusudi ili watu walione.

Safari ya kwanza ndiyo iliyoniumbua. Kuna jambo nililisahau, na ni aibu kwa mtu anayeishi kwa kusafirisha: nusu ya safari zangu naenda bila mzigo! Naondoka na ndoo tupu, narudi na mzigo. Kwenda, ule mkia ulikuwa unaruka juu ya rasta kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na kwenye kona za changarawe ulikuwa unataka kunitangulia. Mzee mmoja mwenye mizinga, tukiwa njiani kwenda kwake, alishika dari kwa mikono miwili akasema, "Mjukuu wangu, hiki kiti chako ni kigumu kuliko mtumbwi, na kinanirusha kuliko punda." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndani ya miezi miwili buti (mpira unaozuia grisi) la draivishafti, ile shafti inayozungusha gurudumu la mbele, upande wa kulia lilichanika, grisi ikatapakaa kwenye rimu yote. Sababu ni zile spesa. Spesa haiongezi ubora wowote kwenye springi. Inasukuma tu gurudumu chini, na draivishafti na boljointi (viungo vya gurudumu la mbele) zinabaki zimepinda muda wote. Shokapu mbili za nyuma nazo zikaanza kulia mafuta. Nilipowapigia wale wa duka wakaniuliza natumia barabara gani, nikawaeleza, wakasema garantii haihusu barabara mbaya. Sasa mtu ananunua shokapu za pikapu apite wapi, sebuleni?

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza "ninyanyue inchi ngapi" nikaanza kuuliza "nabeba kilo ngapi". Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kama kilo 28, kwa sababu lita moja ya asali ni kama kilo 1.4. Wengi wanapiga hesabu ya maji, wanasema kilo 20, halafu wanashangaa springi imelala. Ndoo 24 ni kilo 672. Nililipeleka gari kwenye mizani ya ghala moja la mazao, nikaomba wapime mbele peke yake na nyuma peke yake. Tupu, nikiwa ndani: mbele kilo 1,090, nyuma 850. Likiwa na ndoo 24 na kijana wangu: mbele 1,150, nyuma 1,530. Yaani karibu mzigo wote unakaa kwenye difu, ile ekseli ya nyuma. Zamani nilikuwa napakia hadi ndoo 32. Nimeacha, kwa sababu springi ngumu haibadilishi uwezo wa breki, wala wa ekseli, wala wa chasisi. Inachofanya ni kukuficha tu kwamba umezidisha.

Nikiwa na zile namba mkononi, kuchagua kukawa rahisi zaidi. Nilifikiria vitu vitatu. Bilstein 5100 nilizitamani sana. Ni shokapu za bomba moja, pistoni inatembea moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, kwa hiyo joto linatoka haraka na mafuta hayafanyi povu upesi kwenye rasta ndefu. Lakini ukuta huo huo jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama. Mimi napita juu ya visiki. Ironman 4x4 wana zile Foam Cell, ambazo ndani badala ya gesi zina sponji maalumu, na zina mafuta mengi. Nazo nilizipenda, ila springi zilizokuwepo siku hiyo zilikuwa za mzigo wa kudumu tu. Hizo zinamfaa mtu mwenye kreni au tangi la maji mgongoni kila siku. Mimi ningerudi kulekule kwenye mtumbwi wa yule mzee.

Nikaishia kwenye Old Man Emu, chapa ya ARB ya Australia: springi za nyuma za mzigo wa wastani, koili za mbele za gari lenye bampa la chuma, na shokapu zao za kawaida za mabomba mawili, lile la nje likilinda la ndani. Seti nzima shilingi milioni 4.2, usafiri kwa basi 60,000, ufundi 250,000. Ni pesa nyingi. Mke wangu aliuliza kama ni gari lingine.

Kwenye kufunga ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye kununua, na ninaomba msilipite hili. Fundi wangu ni mzuri lakini alitaka kukaza boliti za macho ya springi (matundu ya ncha zake) gari likiwa bado juu ya jeki. Nikamzuia. Ukikaza magurudumu yakiwa hewani, bushi (raba za ndani ya macho hayo) zinashikwa zikiwa kwenye mkao usio wao, na gari likishuka zinajisokota, hazimalizi msimu. Weka gari chini, libebe uzito wake, ndipo ukaze. Yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye difu, tumia mpya, na baada ya kilomita 500 zirudie kwa spana. Zangu zilikuwa zimelegea karibu robo mzunguko.

La pili ni breki. Vigo yangu ina valvu ya breki za nyuma yenye fimbo iliyoungwa na difu. Gari likilala kwa mzigo, fimbo inaiambia valvu iruhusu breki zaidi nyuma. Ukinyanyua bodi bila kuigusa ile fimbo, valvu inadhani gari ni tupu wakati wote. Hii ndiyo ilikuwa sababu ile "jogoo" yangu ilikuwa inainamisha pua ninaposhika breki nikiwa na mzigo, na mimi nikawa nalaumu pedi za breki. Safari hii tulirekebisha kishikizo cha fimbo kulingana na urefu mpya, tukajaribu kwenye changarawe, tupu na tukiwa na mzigo. Wiki moja baadaye nikafanya alaimenti, maana steringi ilikuwa inavuta kushoto.

Sasa nina miezi 14 na kilomita kama 22,000. Gari likiwa tupu linatulia, tairi zinabaki ardhini, hasa nikishusha upepo hadi psi 26. Nikiwa na ndoo 24 napandisha nyuma hadi 40 na mkia haugongi raba za chasisi (zile zinazozuia difu isigonge chuma) hata kwenye makorongo. Mifuniko haifunguki tena, na hicho kwangu ndicho kipimo. Asali iliyomwagika hainunuliwi.

Sipendi vitu viwili. Pini za sakoli (viungo vinavyoshika ncha ya springi kwenye chasisi) zinataka grisi kila mwezi, zaidi wakati wa masika, na usipofanya hivyo zinalia kama mlango wa kanisa la zamani. Na gari likiwa limejaa bado linalala kidogo kwenye kona za lami ukikimbia. Mwenye haraka ya Nzega hatalipenda. Shokapu moja ya mbele ina unyevunyevu kwenye sili. Bado haidondoshi, naiangalia kila Jumapili ninapoosha gari.

Kwa wanaopenda urefu, nilipima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda. Mbele ilikuwa sentimita 50, sasa 54. Nyuma, tupu, ilikuwa 53, sasa 57.5, na ndoo zote 24 zikiwa mgongoni inasimama 51. Na zile spesa bado ziko stoo, nimewahi kupata mteja mmoja aliyezitaka. Nilimweleza kilichonipata, akasema yeye habebi asali, anabeba maharusi, akaahidi kurudi na pesa. Hajarudi.