Makaburi ya Vita ya Gilgil: niliyoyaona, na mtu mmoja ambaye sikumpata

Jumamosi iliyopita nilikwenda Gilgil kuyaona makaburi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kama uko Nakuru na unajiuliza iwapo safari hiyo inafaa, jibu langu ni ndiyo, nenda. Lakini nitaongea pia kuhusu huduma yao ya kutafuta majina ya marehemu kwa intaneti, maana hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Mimi ni mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo hapa mjini, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila jioni, kabla ya kufunga daftari, najiuliza swali lile lile: kilichoandikwa ndicho kilichotokea? Nilikwenda Gilgil nikiwa nalo.

Kufika si kazi. Unapanda matatu Nakuru, unashuka Gilgil mjini, unamalizia na boda. Nenda asubuhi na ubebe kofia na maji, kwa sababu jua la Gilgil likishapanda halina huruma. Mahali penyewe pametulia sana. Nyasi zimekatwa, mistari imenyooka, hakuna hata karatasi ya peremende chini. Wengi waliolala pale ni wa Vita Vikuu vya Pili, enzi Gilgil ilipojaa kambi za jeshi, na mpaka leo huu ni mji wa wanajeshi. Nilichuchumaa kwenye jiwe moja nikapitisha kidole kwenye herufi: namba ya askari, cheo, jina, kikosi, tarehe aliyofariki. Mtu mmoja, mstari wake mmoja, na kila kitu mahali pake. Kwa jicho langu la kazi, hiyo ni hesabu iliyofungwa vizuri, na aliyeifunga alimheshimu marehemu.

Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia aliniona nimekaa sana akaja.

"Mama, unatafuta mtu wako?"

"Ndiyo, mzee. Lakini hayuko hapa. Ni wa vita vile vya kwanza. Alikuwa Kariakoo."

Kariakoo ndilo jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao wengi hawana jiwe." Akarudi kwenye jembe lake. Hakuhitaji kunieleza zaidi.

Baba wa babu yangu alitoka kwetu Vihiga mwaka 1917. Vihiga wakati huo ilihesabiwa ndani ya mkoa wa Nyanza, na John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa huo kwa miaka mingi, ndiye aliyekabidhiwa mwaka huo kazi ya kukusanya wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza lililokuwa likimfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusini. Watu ndio waliobeba kwa sababu mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 25. Mwezi uliopita nilikwenda sokoni nikamwomba muuza nafaka anipimie mahindi kilo 25, debe na nusu hivi, nikajitwisha. Nilitembea mpaka kwenye geti la soko, shingo ikakataa. Wao walitembea hivyo miezi na miezi, Tanganyika mpaka Msumbiji, wakila unga usioiva. Zilizowaua wengi hazikuwa risasi. Ni kuhara damu, malaria na kichomi.

Hakurudi. Familia ilisubiri miaka. Mwishowe wazee wakakata shina la mgomba, wakalifunga kwa nguo, wakalizika uani kama mwili wake, ili mke wake aweze kuvua msiba.

Sasa huduma ya kutafuta majina. Ni ya bure na ni nyepesi hata kwa simu yangu ya kawaida. Unaandika jina la ukoo, unachagua vita na mwaka, na majibu yanakuja mara moja, pamoja na makaburi alimozikwa mtu na hata namba ya mstari. Tume inawakumbuka watu kama milioni 1.7 katika nchi zaidi ya 150. Ukiwa na ndugu aliyekuwa askari ndani ya orodha hiyo, huduma hii nitakushauri uitumie leo kabla hujalala. Nimemsaidia jirani yangu hapa mtaani akampata mjomba wa baba yake kwa dakika chache, akalia mbele yangu.

Mimi nilijaribu jina la baba wa babu kwa tahajia sita. Hakuna. Nikajaribu jina la baba yake. Hakuna.

Si mimi peke yangu. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nawapongeza kwa kulisema hadharani. Lakini zitazameni hizo namba mbili kama mtunza hesabu anavyozitazama. Tofauti yake ni watu 234,000. Mimi zikinipotea shilingi 234 kwenye sanduku siendi nyumbani. Kwa wapagazi, idadi rasmi ya Waingereza ya waliokufa ilikuwa karibu 95,000 kati ya watu kama milioni moja waliochukuliwa, na wanahistoria wengi wanaiona ni ndogo kuliko ukweli. Makaburi yao mengine, Dar es Salaam na kwingineko, yaliachwa yarudie pori kwa makusudi.

Na hapo tumehesabu miili tu. Niliporudi nyumbani nilifungua ukurasa mpya, nikaandika upande wa matumizi yale ambayo ukoo wetu na majirani zetu walilipa. Kwanza mshahara: rupia chache kwa mwezi, na za waliokufa bila mtu wa kuzidai zilibaki mikononi mwa serikali. Kisha kodi ya nyumba, ambayo mjane aliilipa kama kawaida, na ambayo baada ya vita ilipanda. Kisha mafua makali ya 1918, yaliyowakuta watu tayari wamedhoofika kwa njaa. Kisha kipande, kile kitambulisho cha kazi cha mwanaume Mwafrika, kilichoanza kuvaliwa shingoni mara baada ya vita. Kisha ardhi: wapagazi hawakupewa hata shamba la viazi, lakini Wanandi, majirani zetu wa juu ya kilima, walinyang'anywa sehemu ya ardhi yao ili wagawiwe askari wazungu waliostaafu. Mstari huu wa mwisho niliuandika mara mbili, kalamu ilikuwa inateleza.

Kuna mstari mwingine ninaoujua kwa macho yangu. Idadi iliyotangazwa ya waliouawa katika ghasia zetu za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, ni 1,133. Mama aliyekuwa jirani yangu hayumo. Yeye alikimbilia kambi ya Showground hapa Nakuru bila dawa zake za sukari, akafa mwezi Machi, wakati watu wanasema amani imerudi. Ndiyo maana siamini hesabu yoyote ya vita inayofungwa siku bunduki zinaponyamaza.

Basi tathmini yangu ni hii. Makaburi ya Gilgil: nyota tano, bila wasiwasi, na shukrani kwa wanaoyapalilia. Huduma ya majina: tano kwa aliyeandikwa, moja kwa asiyeandikwa, na hiyo moja ni kwa sababu wamekiri. Najua kazi iliyobaki inawezekana. Januari 2025 pale Cape Town walizindua ukumbusho wa zaidi ya wanaume Waafrika 1,700 wa vikosi vya kazi vya vita hivyo hivyo, kila mmoja na jina lake kwenye nguzo yake ya mbao, baada ya miaka mia moja. Walipatikana kwa sababu karatasi zilifukuliwa.

Kwa hiyo kama una bibi au babu anayekumbuka jina la mtu aliyekwenda Kariakoo, kaa naye wiki hii na kalamu. Uliza jina lake, la baba yake, la mkewe, kijiji, na nani aliyemchukua. Mimi nimeandika ya kwetu kwenye karatasi moja, pande zote mbili, na nimeituma kwa Tume.

Mama yangu ameniambia kwa simu kwamba uani kule Vihiga wamepanda mahindi msimu huu, ila pale palipozikwa mgomba wameacha hatua mbili bila kulima.