Spika ndogo ya Makoroboi, sikuitegemea kabisa

Nimenunua spika ya blututhi Makoroboi, hapa Mwanza, wiki iliyopita, muuzaji kaijaribu kwa singeli mpaka meza inatetemeka nikasema haya, hii ni ya besi tu basi, nikalipa nikasepa. Jioni nimekaa kwenye mawe Capri Point nikaiwekea ile dueti ya maua, wimbo wa watu wawili, ya kwenye Lakmé, opera (igizo la kuimbwa) ya Mfaransa Delibes ya 1883, Lakmé na mtumishi wake Mallika wanaenda mtoni kuchuma maua. Soprano na mezo, kwenye kwaya tungesema sauti ya kwanza na ya pili. Kwenye simu nilikuwa nasikia uzi mmoja tu, humu sasa namsikia wa chini kabisaa, wanapanda pamoja wanashuka pamoja na hakuna anayemfunika mwenzake (wanakwaya wa kwetu mnaoshindana kupiga kelele, mpo?). Mama wa mahindi ya kuchoma akaacha kupepea mkaa akaniuliza, "Mwanangu, hao wangapi?" Wawili mama. "Mbona kama mmoja na kivuli chake."

Ila chaji jamani! Niliapiwa masaa nane, matatu tu hayajafika imezima.