Kutuma pesa nyumbani kwa simu: njia ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Mshahara wangu wa kutunza wazee hapa Leicester, Uingereza, ukiingia, mtu wa kwanza ni mama, Kilifi. Wa pili ni dada yangu, aliyeolewa Tanga. Imekuwa hivyo mwezi baada ya mwezi, na kwa muda mrefu nilichagua njia ya kutuma kwa kutazama ada peke yake. Nikiona imeandikwa "bure", natuma. Siku niliyokaa na daftari nikamwuliza mama ameshika ngapi mkononi, ndipo nilipoona hasara. Ada ilikuwa bure kweli, lakini pauni yangu ilikuwa imenunuliwa kwa bei ya chini.

Kampuni hizi zina mifuko miwili ya faida. Mmoja ni ada, unauona. Wa pili ni kiwango cha kubadilisha fedha, nao umefichwa ndani ya hesabu. Chukua mfano wa kupigia hesabu tu: sokoni pauni 1 ni shilingi 170 za Kenya, nawe unatuma pauni 200. Kampuni ya kwanza haitozi ada ila inakupa 166, mama anapata 33,200. Ya pili inatoza pauni 1.50 lakini inakupa 170 kamili, mama anapata 33,745. Yule aliyetoza ndiye aliyekuwa nafuu. Shilingi 545 si haba: ni mboga na unga wa siku kadhaa.

Kwa hiyo orodha hii inafuata swali moja: ukiweka pauni zilezile, nani anafikisha shilingi nyingi zaidi, na anazifikisha pale mpokeaji alipo? Naandika kama mtu anayetuma kutoka Uingereza kwenda Kenya na Tanzania. Aliye Muscat au Dubai, ambako wengi hupanga foleni kwenye maduka ya kubadilisha fedha, hesabu yake ni hiihii.

Ya kwanza, kwa matumizi ya kila mwezi: Sendwave au Taptap Send. Hizi ni programu za simu tupu, zimejengwa kwa ajili ya watu kama sisi, na kwa kawaida pesa huingia M-Pesa ndani ya dakika chache. Wao huchuma zaidi kwenye kiwango, si kwenye ada, kwa hiyo usilale. Weka zote mbili kwenye simu, andika pauni 100 kwa kila moja, soma shilingi zitakazofika, kisha tuma kwa iliyoshinda siku hiyo. Mshindi hubadilika. Mimi hufanya hivi nikiwa kwenye basi, dakika mbili zimekwisha. Kwa pauni 50 au 100 za sokoni na dawa za mama, sijapata njia iliyonifaa zaidi.

Ya pili, na kwa pesa nyingi naipandisha kuwa ya kwanza: Wise. Waanzilishi wake ni Waestonia wawili waliokuwa London, mwaka 2011, na zamani iliitwa TransferWise. Inakupa kiwango cha sokoni bila kukigusa, kisha inakuonyesha ada yake waziwazi, mstari kwa mstari. Ukituma kidogo, ada hiyo inaweza kukuumiza ukilinganisha na wale wa kwanza. Ukituma karo ya muhula, au pesa ya fundi wa kuezeka, hapo ndipo inapokomboa. Kwa Kenya inafika M-Pesa na benki pia. Kumbuka tu kwamba tangu Agosti 2023 M-Pesa ya Kenya hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Pesa za kiwanja zipeleke benki.

Ya tatu: WorldRemit na Remitly. WorldRemit ilianzishwa na Ismail Ahmed, mzaliwa wa Somaliland, mwaka 2010, na sasa iko chini ya kundi moja na Sendwave, linaloitwa Zepz. Msishangae basi mkikuta ndugu wawili wa nyumba moja wanatoa viwango tofauti. Nimeviona, na ni sababu nyingine ya kulinganisha kila mara. Nguvu ya hizi mbili ni upana. Dada yangu Tanga hayuko M-Pesa, yuko Mixx by Yas, ile tuliyoizoea kwa jina la Tigo Pesa hadi mwishoni mwa 2024. Si kila programu inafika huko, wala Airtel Money. Kabla hujasifia kiwango cha programu, hakikisha mtandao wa ndugu yako umo. Remitly ina jambo moja la kuangalia sana: mteja mpya hupewa kiwango kizuri cha kumkaribisha. Mara ya pili kiwango hushuka. Usiihukumu kwa muamala wa kwanza.

Ya nne: Western Union. Ni wakongwe, wamekuwa wakituma fedha tangu 1871, na wana madirisha hadi miji ambayo programu nyingi hazijafika. Kwa mzee asiye na simu, au laini yake ikiwa imefungwa, ni msaada wa kweli: anakwenda na kitambulisho na namba ya muamala, anapewa taslimu. Ila kulipa taslimu dirishani huku na kupokea taslimu dirishani kule, mara nyingi ndiyo njia ghali. Ukilazimika, lipia kwenye programu yao kwa kadi ya benki, utaona tofauti. Na walioko Marekani wana sababu ya ziada ya kuacha dirisha: tangu tarehe 1 Januari 2026, anayelipia kwa pesa taslimu anakatwa kodi ya asilimia 1, wakati anayelipa kutoka akaunti yake ya benki au kadi ya debiti ya Marekani hakatwi.

Ya tano ni benki kwa benki, na sina mengi. Benki yako inakata, benki ya katikati inaweza kukata, ya kupokea nayo inakata, na siku zinapita. Inafaa kwa pesa nyingi zinazohitaji karatasi za ushahidi, basi.

Ya mwisho siiweki hata kwenye namba: yule "kaka" wa kundi la WhatsApp anayesema mpe pauni hapa, mtu wake atampa mama shilingi kule. Kiwango chake kinavutia, najua. Lakini hujui pauni zako zinaingia akaunti ya nani wala shilingi zile zimetoka wapi, na benki ikitia shaka inaweza kufunga akaunti yako, ile ambayo mshahara unaingia. Hapa Uingereza kila kampuni halali ya kutuma fedha iko kwenye daftari la Financial Conduct Authority, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha, na daftari hilo ni la wazi mtandaoni. Jina lisipokuwemo, ondoka. Hata zilizomo, usiziweke kama kibubu: pesa iliyokaa ndani ya programu hizi hailindwi na ule mfuko wa fidia unaolinda akiba za benki.

Sasa mambo ya nyumbani, ambayo yanakula pesa kuliko tofauti ya programu na programu.

Kwanza, jina. Laini ya mama ilisajiliwa na binamu yangu zamani, kwa kitambulisho chake. Nikatuma kwa jina la mama, kampuni ikaona majina hayalingani, ikazuia. Siku nne. Mama alikuwa na miadi ya hospitali siku ya pili, akalazimika kukopa kwa jirani. Nilikasirika, lakini kosa lilikuwa letu, na dawa yake ilikuwa ni kwenda dukani kusajili laini upya kwa jina lake. Fanyeni hilo kabla ya dharura. Na kwa mpokeaji mpya, tuma kwanza kidogo kabisa, mpigie, akusomee ujumbe.

Pili, deni. Kama mama ana Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa ya Kenya wa kulipia salio lisipotosha, pesa ikiingia M-Pesa inakatwa papo hapo kulipa deni hilo. Tanzania kwa Vodacom kuna Songesha, na mambo ni yaleyale. Unatuma ya dawa, inalipa deni la wiki iliyopita, na mzee anaona haya kukwambia. Uliza kwa upole kabla: "Mama, kuna Fuliza humo ndani?" Kama ipo, ongeza, au tuma kwa mtu mwingine wa nyumba mnayemwamini.

Tatu, ya kutolea. Kila mtu nyumbani anajua kusema "utume na ya kutolea", na wana haki. Kwa wakala wa M-Pesa Kenya, kutoa 10,000 ni shilingi 115, kutoa 40,000 ni 278. Kwa hiyo mama akitoa 10,000 mara nne analipa 460 kwa pesa ileile. Lakini kuna bora zaidi: asitoe kabisa. Akilipa duka la dawa au la vyakula kwa namba ya till, yaani namba ya M-Pesa ya duka, mnunuzi hakatwi kitu. Mama alikataa mwanzoni, alitaka kuzishika noti. Mpwa wangu alikwenda naye dukani mara mbili, akamwonyesha. Sasa anatoa za nauli na za sadaka ya Ijumaa tu.

Jambo moja dogo upande wetu: lipa kwa kadi ya debiti au kutoka akaunti, kamwe si kwa kadi ya mkopo. Benki nyingi huhesabu kutuma pesa kwa kadi ya mkopo kama kutoa taslimu, na riba inaanza siku hiyohiyo.

Mimi nina daftari lenye safu tatu: pauni nilizotoa, programu niliyotumia, shilingi alizosema mama. Safu ya tatu siijazi kwa risiti ya programu. Nampigia, nasubiri avae miwani, anisomee mwenyewe.