Jonathan na Darlene Edwards: albamu ya kuimba vibaya kwa ustadi

Naimba alto kwenye kwaya, na kazi kubwa mazoezini ni kuwinda noti iliyoteleza. Kwa masikio ya namna hiyo, The Piano Artistry of Jonathan Edwards ya mwaka 1957 ndiyo albamu ya vichekesho iliyonichekesha kuliko zote.

Jonathan na mkewe Darlene hawakuwahi kuwepo. Nyuma yao yupo Paul Weston, mpangaji muziki wa Marekani, na mkewe halisi, Jo Stafford, ambaye wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia walimpenda hadi wakamwita G.I. Jo (G.I. ni jina la mitaani la askari wa Marekani). Sauti yake ilinyooka kama uzi. Weston alikuwa akiwavunja watu mbavu kwa kuiga wapiga piano wa hotelini, akafanya hivyo hata kwenye mkutano wa mauzo wa kampuni ya rekodi ya Columbia kule Key West, Florida, na wakubwa wakataka albamu. Akaona peke yake hataijaza, akamwomba mkewe.

Kwanza tazama jalada. Mikono miwili ipo juu ya piano, na yote ni ya kulia.

Sasa sikiliza. Darlene haimbi hovyo hata kidogo. Anaingia kwenye wimbo wa mapenzi kwa adabu zote, na noti ndefu ikifika anaipandisha kidogo tu juu ya mahali pake, halafu anaing'ang'ania kwa kujiamini kabisa. Mwili unasisimka! Asiyejua kuimba anayumba huku na kule. Huyu anakosea kwa kipimo kilekile, tena kwa makusudi, na hilo haliwezekani bila sikio linalojua noti sahihi iko wapi. Jonathan naye anachomeka pigo moja lisilohitajika, mwimbaji anabaki ananing'inia, kisha mbele anameza pigo jingine kana kwamba analipa deni. Pale panapohitaji utulivu, yeye anamwaga mapambo ya vidole.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba hawa wawili hawazidharau nyimbo zenyewe. Ndizo walizozitengeneza maisha yao yote, zile za staha za kabla ya rock kushika redio, kwa hiyo wanajua kila kiungo cha kukigusa.

Kasoro ipo. Vipande vya piano bila Darlene vinachosha, na ukisikiliza albamu nzima kwa mkupuo utamu unapungua. Mimi huchukua nyimbo mbili tatu, basi. Pia mwaka 1979 walirekodi Stayin' Alive ya Bee Gees, nayo haikuninogea sana: wimbo wa disko haudai usafi wa sauti kama zile za zamani, kwa hiyo kuuharibu hakuchekeshi sana.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni asikilize kwanza nyimbo za Jo Stafford alizoimba kwa jina lake. Bila hivyo atadhani Darlene ni mama fulani tu aliyepewa maikrofoni. Kisha aende kwenye Jonathan and Darlene Edwards in Paris ya 1960, iliyompa Stafford tuzo yake pekee ya Grammy, ndipo aje kwenye hii ya 1957. Na atumie spika za masikioni, kwa sababu spika ya simu inafuta ile tofauti ndogo ya noti ambayo ndiyo utamu wote.